Kitambaa Chekundu kwenye Usukani

Mnunuzi mmoja wa Lemara alikuwa ameshakuja mara mbili kuliangalia lori la baba. Mara ya kwanza aliyapiga matairi teke, mara ya pili akalala chini ya bodi na tochi. Mgongo wa baba ulikuwa umekataa kazi, na nyumbani mwenye leseni ya magari makubwa nilikuwa mimi tu, binti yake. Baba akaniwekea sharti moja. Nipakie viazi Oldonyo Sambu, nivifikishe sokoni Kwa Mrombo, yeye akiwa kando yangu kimya. Akilazimika kunielekeza hata mara moja, lori linauzwa.

"Nitakaa kama gunia," alisema.

Tulipakia asubuhi, mvua ikiwa imetoka kukatika. Mama mwenye viazi alipanda akakaa katikati yetu, ameegemeza miguu kwenye ndoo ya maziwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamgeukia baba.

"Kaka, leo wewe ni abiria?"

Baba alitazama mbele.

"Amejifunga asiseme, mama," nikamweleza.

"Basi nitasema kwa niaba yake."

Njia ya mashambani inashuka kwenye korongo, inapanda ng'ambo, halafu inateremka polepole hadi barabara ya lami. Difu ya lori letu, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa matairi, ina mwendo wa aina mbili, mwepesi na mzito, na unachagua kwa kitufe kidogo kilichoko kwenye rungu la gia. Ukishakisogeza, unaachia mafuta na kusubiri. Chini ya sakafu kitu kinashika, ndipo unakanyaga tena. Ukikumbuka ukiwa tayari mteremkoni, difu inaweza kubaki katikati, huku wala kule, na mzigo wote ukashuka bila gia. Kwa hiyo nilichagua mwendo mzito tukiwa bado kwenye tambarare. Ulishika kwa kishindo kidogo, kama mlango wa kabati ukifungwa chumba cha pili. Baba alijisugua goti.

Chini kwenye korongo wanaume wawili walikuwa wakinywesha ng'ombe. Waliposogea kutupisha, mmoja akapaza sauti:

"Dada, hiyo siyo pikipiki!"

"Ingekuwa pikipiki, wewe ungekuwa umeshaomba lifti!" mama akamjibu dirishani.

Tope la pale ni jeusi na linang'aa. Bila loki ya kuyafunga matairi ya nyuma pamoja, difu huipeleka nguvu kwenye tairi lililo kwenye utelezi, likazunguka bure, huku mwenzake aliye pakavu amesimama tu. Ukifunga loki, yote mawili yanazunguka kama kitu kimoja. Nilisimama, nikafunga loki kabla tairi halijaanza kuteleza, kisha nikafunga kitambaa chekundu kwenye usukani.

Kitambaa kilikuwa desturi ya baba. Taa ya loki kwenye dashibodi iliungua zamani, naye, badala ya kununua nyingine, alikata ukanda wa shuka jekundu lililochakaa. Loki ikifungwa, ukanda unafungwa kwenye usukani. Loki ikifunguliwa, ukanda unatoka. Sikumbuki hata siku moja alipokosea.

Lori lilipanda taratibu, likinguruma kwa sauti ileile moja, mpaka mawingu yakaachia na upande wa Meru ukaonekana, wa kijani kilichooshwa. Ndani, pumzi za watu watatu ziliweka ukungu kwenye kioo. Nilifungua kitambaa, nikafuta kioo, nikaweka kitambaa mapajani.

Tulipofika lami usukani ulikuwa mtupu, nami nikauamini. Nilikata kushoto kuelekea mjini. Lori halikutaka. Pua yake ilisukuma mbele na matairi ya nyuma yakalia. Kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Yakiwa yamefungwa pamoja juu ya lami, kinachokatika ni shafti inayoyazungusha.

Baba akakohoa. Kikohozi kimoja, kifupi.

Nikasimama. Macho yakashuka mapajani, yakaona kitambaa chekundu nilichokitoa bila kufungua loki. Nilizima loki, lakini ilikuwa imebanwa, haikuachia. Nikanyoosha usukani, nikarudi nyuma kidogo, nikasikia inaachia. Nilipokata kona tena, lori liligeuka vizuri tu.

"Tumeharibu nini?" mama akauliza.

"Bado hatujaharibu," nikasema.

Kwa Mrombo, wapakuzi waliposhusha gunia la mwisho, nilichomoa ufunguo nikamkabidhi baba. Nilijua nilichosikia.

"Baba, ulikohoa."

"Vumbi."

Mama alikuwa akikamua pindo la kitenge chake, maji yakidondoka kwenye matope. "Vumbi gani, kaka? Si mvua imenyesha tangu jana?"

Baba alinirudishia ufunguo, akakunja kitambaa akakitia mfukoni, kisha akamuuliza mpakuzi mmoja ni duka gani la karibu linauza taa za dashibodi.