Maiki ya Nne

Nimehudumia harusi za wanawake chungu nzima hapa Maskati, na sijaiona hata moja. Kazi yangu ni sauti. Ukumbi uko Ghubra, na siku ya wanawake mwanamume hatii mguu ndani, awe fundi awe nani. Kwa hiyo mitambo yote imeungwa kwenye mtandao. Spika, amplifaya na maiki zisizo na waya, zote zinafika kwenye kompyuta moja, nami nakaa nayo katika chumba kidogo nyuma ya jiko, na mlango nimeufunga. Nikisogeza kidole, ngoma inapungua huko nisikokuona.

Wateja walikuwa na wasiwasi mmoja. "Na huyo fundi," mama wa bi harusi akiuliza, "hasikii yanayosemwa ndani?" Wallahi hasikii, wakijibiwa. Na ni kweli, maana sharti hilo nililiweka mwenyewe: hedifoni haziingii chumbani. Wanawake wakiwa peke yao wana yao ya kusema, na mimi si mdukuzi. Mtikisiko wa ngoma naupata ukutani, maneno siyapati. Kazi nzima naifanya kwa macho. Kila maiki ina mstari wake kwenye kioo: ukiwa kijani, salama, ukiwa mwekundu, sauti inapasuka. Ya kwanza na ya pili ni za waimbaji, ya tatu ya mshereheshaji. Ya nne ni ya akiba, huwekwa mezani karibu na jukwaa, na watoto hawakosi kuiona. Mtoto akiishika huipigia kelele mpaka mstari uwe mwekundu. Dawa yake ni moja, naizima.

Upweke upo, tusidanganyane. Kukaa nyuma ya furaha za watu miaka yote hiyo kunamchosha mtu, na nyumbani hakuna wa kumhadithia. Niliachana na mke wangu binti yetu akiwa mdogo. Yeye akakulia Matrah kwa mama yake, mimi nikabaki na fleti yangu Darsait. Kila Ijumaa nilimchukua tukala, tukanyamaza, nikamrudisha. Hatukuwa na ugomvi. Maneno tu yalikuwa haba, na kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

Alipoposwa, mama yake akauchagua ukumbi ule ule. Wenzangu wakaniambia nipumzike, wataleta fundi mwingine. Nikakataa kwa ukali. Sauti ya harusi ya mwanangu nimwachie nani? Lakini ukweli ni kwamba siku ya kupambwa kwake sikuwa na pahala pengine pa kuwa karibu naye. Na nilikuwa na tamaa moja ambayo sikumwambia mtu: nijue kama mwanangu ananihesabu kuwa baba.

Alasiri ile nilikaa mbele ya kompyuta na kanzu mpya, mpumbavu mzima, nani wa kuniona? Kazi ikaenda vizuri. Kisha ngoma zikanyamaza na mistari yote ikalala. Nikadhani wanapumzika. Mara maiki ya nne ikainuka. Ikashuka, ikainuka tena kwa kurukaruka, ikawa nyekundu.

"Watoto hawa!" nikasema, nikaizima.

Simu ikalia. Alikuwa bibi msimamizi wa ukumbi. "Fundi, maiki ya nne imekufa!"

"Nimeizima mie. Watoto wanaichezea."

"Watoto gani, bwana we! Bi harusi huyo! Kasimama anazungumza habari za baba yake, na kilio juu!"

Nikaifungua upesi. Mstari ukabaki chini. Nikaukodolea macho, nikamwomba Mungu uinuke hata kidogo.

"Basi tena," akasema yule bibi. "Keshaiweka mezani."

Mganga hajigangi.

Karibu na maghrib mwanangu akatolewa, amefunikwa, gari linamngoja mlangoni. Akanibusu mkono. Nikamuuliza alikuwa akisema nini.

"Nlijua ni wewe ulozima, baba," akasema taratibu. "Nkaona labda hupendi kutajwa mbele za watu."

"Sikuwa nakusikia, mwanangu! Naona mistari tu. Nlidhani watoto."

"Haidhuru, baba." Akaitwa na watu wa bwana harusi, akaingia garini.

Siku hizi wanakaa Ghubra, si mbali na ukumbi. Nikienda hunipokea vizuri, hunitilia kahawa, na mumewe ananiheshimu. Nimemuuliza mara tatu alisema nini siku ile. Mara zote hunijibu kwamba keshasahau. Mimi najua mtu hasahau maneno aliyosimama kuyasema huku analia, lakini nakunywa kahawa yangu na kumwambia sawa.