Mbao za Mtumbwi wa Dada

Nilianza kuunda mtumbwi uani kwetu Kasingirima, Ujiji, nikiwa fundi cherehani, na watu walinicheka kwa haki. Mistari ya kukatia niliichora kwa chaki ya nguo. Mbao nilizipima kwa futi ile ile niliyopimia viuno vya wateja. Majirani walichungulia juu ya ua na kuniuliza kama nitaweka na mifuko. Mmoja aliniita Nabii Nuhu, na jina likasambaa mtaani. Mimi si mtu wa subira, hata uzi ukikatika naitukana cherehani, lakini kejeli zile nilizimeza. Nilikuwa naunda chombo cha kwenda kumchukua dada yangu.

Dada alikuwa ameolewa ng'ambo, Zaire kama tulivyozoea kuiita, katika kijiji cha ufukweni ambako siku za amani watu walikwenda na kurudi kwa harusi na misiba. Vita vilipoingia, mume wake alichukuliwa na askari ambao hakuna aliyejua ni wa nani, dada akabaki peke yake. Alituma salamu kwa mdomo wa mchuuzi wa mawese: "Mwambieni mdogo wangu aje anichukue. Mitumbwi ya huku inajaza watu kama dagaa, nami naogopa maji." Hofu hiyo alikuwa nayo tangu utoto. Tulipokwenda kuoga ziwani, yeye alioga huku ameshika kamba ya chombo cha baba.

Baba alikuwa mvuvi, na alikuwa amekwisha kufa. Chombo chake kilioza, ila mashine yake ya kuendeshea ilibaki, imefungwa gunia chini ya kitanda cha mama. Niliwaendea wenye mitumbwi wa Ujiji mmoja mmoja, wote wakakataa kuvuka, maana wenzao waliovuka walinyang'anywa vyombo wakarudi kwa huruma za watu. Siwalaumu. Nikamtumia dada neno kwa mchuuzi yule yule kwamba naunda chombo mwenyewe. Nikazifuata mbao za mninga Kidahwe, nikazirundika uani, nikaanza na mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima. Mambo niliyoyaona kwa baba nilipokuwa mdogo, mikono iliyakumbuka taratibu.

Mama ndiye aliyekuwa na haraka kuliko mimi. Kila asubuhi baada ya swala alikaa mkekani karibu na mbao, akichambua pamba ya godoro kuukuu. Kwetu mtumbwi huzibwa nyufa kwa pamba iliyochovywa kwenye mawese. Unaisukuma kwa patasi butu mpaka maji yakose pa kupita. Baba alikuwa na desturi ya kuinua ubao juani na kuutazama kwa upande wa pili. Mwanga ukipenya, alisema, maji nayo yatapenya. Mama aliichambua pamba ile kama mchele wa karamu.

"Dada yako asilowe miguu," aliniambia.

Wakati huo wakimbizi wa ng'ambo walikuwa wakishuka kila siku, na wengi walikaa ufukweni wakingoja kupelekwa kambini. Ugonjwa wa kuhara ukawaingia. Waislamu waliokufa, watu wa Ujiji waliwaosha na kuwazika kama ndugu zao. Sisi tunazika kwa mwanandani: ndani ya kaburi huchimbwa shimo jembamba la kumtosha mtu, maiti hulazwa humo, kisha juu yake hupangwa mbao ili udongo usimwangukie. Jeneza hurudi msikitini, mbao hubaki naye. Basi mbao zikaadimika mjini.

Mchana mmoja mzee wa msikiti alipiga hodi kwetu. Alizitazama mbao zangu kabla hajanitazama mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna mama amefia pale ufukweni, hana mtu. Hatuna cha kumfunikia."

Nilitaka kumwelekeza kwa maseremala. Mama alikuwa amekwisha inuka.

"Mpe," alisema.

Nikampa. Baada ya siku chache akarudi, na mama akasema vile vile. Nikawa napigilia upande mmoja wa mtumbwi huku mbao za upande wa pili zinatoka mlangoni mabegani mwa watu. Aliporudi tena, nilisubiri aondoke na mzigo wake, kisha nikaitupa nyundo chini.

"Mama, hizi ni mbao za mwanao. Ukizigawa zote nitamfuata na nini? Na cherehani?"

Hakukasirika, wala hakuiacha pamba yake. "Mwana wanje, mwanangu, hao nao wana mama zao. Na dada yako yuko mikononi mwa watu. Nikinyima hapa, nitamwomba nani asinyime kule?"

Niliiokota nyundo kwa hasira. Nilikwenda tena Kidahwe, nikarudi na mbao chache tu. Kazi ikawa ya mbele kidogo, nyuma kidogo. Nilimpenda mama yangu, na miezi ile nilimchukia pia. Usiku wa manane ningeulizwa nichague kati ya hayo mawili, nisingejua.

Sakafu ya mtumbwi ilipokwisha kupigiliwa na kuzibwa, nilianza kuamini. Nilibakiza safu za juu tu. Nilifungua gunia, nikaisafisha mashine ya baba, ikanguruma uani mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Mama alicheka. Ni mara ya mwisho ninayoikumbuka akicheka hivyo.

Juma hilo hilo akaja mwanamke wa ng'ambo, amevuka kwa mtumbwi wa wakimbizi. Mjini aliuliza nyumba ya fundi anayeunda chombo uani, na watoto wakamleta kwa Nabii Nuhu. Mkononi alikuwa na kitenge. Nilikitambua kuwa cha dada, maana nilikishona mimi mwenyewe.

Mama alimpa kiti, akampa uji, akamngoja amalize.

"Mama, mimi nilikuwa jirani ya mutoto wako," mwanamke alisema. "Tulikaa naye pale kando ya maji. Tulimwambia apande na sisi, akakatala. Alisema mdogo yake anakuja na chombo. Homa ikamukutia pale pale, ikamumaliza."

Nilishika ukingo wa mtumbwi. Kila ubao uliotoka mlangoni nilikuwa naujua kwa rangi na kwa vifundo vyake, na zote zilinirudia kichwani. Nilimtazama mama nikitaka aone ninachokiona. Yeye alikuwa akimtazama mgeni.

"Mlimfunika na nini?" aliuliza.

Mwanamke aliinamisha kichwa. "Mbao hazikukuwako, mama. Tulimufunika na majani ya migomba."

Mama alitikisa kichwa taratibu. Alikipokea kile kitenge, akakikunja, akakiweka mapajani. 

Kesho yake mzee wa msikiti alikuja kutupa pole. Alikaa mkekani, akasoma dua, kisha akawa anaangalia viganja vyake. Tulijua. Ufukweni kulikuwa na mtu mwingine, na yeye aliona haya kusema.

"Nani?" mama alimuuliza.

"Msichana. Alikuja na bibi yake."

Sikuingoja "mpe" ya mama. Nilichukua nyundo, nikaanza kung'oa sakafu ya mtumbwi. Niling'oa kwa hasira, kisha kwa uchovu, kisha kwa uangalifu ili mbao zisipasuke. Zilitoka nzima, lakini zilikuwa na matundu ya misumari kotekote, na nikaona aibu kumpa mtu mbao za namna ile.

"Udongo utapita," mama alisema. "Ziba."

Akanisogezea pamba na bakuli la mawese. Nikaziba kila tundu, nikaisukuma pamba kwa patasi kama vile chombo kinakwenda majini. Nikimaliza ubao, mama aliupokea, akauinua juani na kuutazama kwa upande wa pili.

"Hapa bado," alisema, akanionyesha kwa kidole.

Nikaziba hapo. Akauinua tena, akautazama kutoka ncha hadi ncha. Haukupitisha mwanga. Ndipo akaulaza ubao mapajani, juu ya kitenge cha dada, akalia.