Mwalimu Aliyechukua Darasa la Papa

(Aliyetuandikia ni mwanafunzi wa sekondari. Ameomba tumfiche, nasi tumemficha. Msome mpaka mwisho ndipo mumjibu.)

Kisangani, Jumamosi asubuhi.

Dada na kaka wa ukurasa huu, nimejiapia kusema yote, hata yale yatakayofanya mnione mbaya. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa sekondari, na ninaishi na wazazi wangu katika komini ya Tshopo. Nina wivu juu ya mwalimu wangu wa hisabati. Msicheke, sio wivu wa mapenzi. Ninamwonea wivu kwa sababu amesimama mahali pa papa, baba yangu.

Papa alifundisha hisabati katika shule yetu tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana mshahara ulikuwa unachelewa mpaka mama akaacha kuuliza. Kaka yake mama, Tonton Faustin, ana karakana ya kushona karibu na soko. Alimwita papa ajifunze kazi, papa akaenda. Sasa anashona sare za wanafunzi, na kusema kweli tunakula vizuri kuliko zamani. Mwanzoni Tonton alimtania mbele ya wateja: "Mwalimu, suruali haiko hesabu ya ubaoni! Unaiangalia sana. Shona, watu wanangoja!" Papa alicheka pamoja nao. Nyumbani hakucheka. Kila asubuhi alivaa shati lake la kufundishia, akafunga vifungo vyote, kisha akalivua na kuvaa la karakana. Mama alijifanya hamwoni.

Mwalimu aliyekuja baada yake ni kijana mwembamba kutoka upande wa Isangi. Siku ya kwanza nilikaa nikimngoja akosee. Akakosea. Anasahau majina yetu, maandishi yake ubaoni yanapanda kama ngazi, na mvua ikinyesha anachelewa. Kila kosa nililiweka moyoni kama zawadi ya kumpelekea papa.

Kwa maana papa ananiuliza kila jioni, akijifanya ni maongezi tu. "Bon, ma fille, leo prof yenu alifundisha nini?"

"Alichelewa, papa."

"Alichelewa? Donc watoto walikaa bure?"

"Tulikaa bure."

Hapo uso wake unapata nguvu, anakula, ananieleza yeye angelifundisha vipi somo lile. Mimi ninafurahi. Sijawahi kumdanganya, yote niliyomwambia ni kweli. Ila ninachagua.

Kuna siku ambayo sikumsimulia. Mwalimu huyo alitutoa uwanjani na kamba na kijiti. Alichomeka kijiti ardhini, akafunga kamba, akachora duara kubwa mavumbini na mstari katikati. Akanishikisha ncha ya kamba, akasema, "Tembea juu ya duara. Simama. Sasa uko mbali kiasi gani na mstari?" Nikatembea tena, nikasimama tena, na ghafla nikaelewa ile sinus ya hesabu za pembe ni nini. Kitu ambacho papa alinieleza mwaka mzima, shuleni na mezani kwetu, nami nikawa ninaitikia tu kwa sababu ni mtoto wa prof, kiliingia kichwani mwangu pale uwanjani, mbele ya mtu mwingine. Kuelewa kule kuliniuma. Rafiki yangu akanigonga kiwiko: "Usikasirike, ma chérie, lakini huyu anafundisha mpaka mutu anasikia. Kwa papa yako tulikuwa tunakopia tu." Sikuongea naye mpaka kengele ya kurudi nyumbani.

Alhamisi nilikuwa karakanani ninatoa nyuzi kwenye sketi, nikamwona mwalimu huyo anaingia. Alitaka suruali. Papa akachukua utepe wa kupimia, akampima kiuno. Tonton hakuvumilia: "Prof, kula! Papa hapa ataweka mukanda izunguke mara mbili." Kijana akacheka, kisha akamwambia papa kwa heshima, "Monsieur, bado wanakutaja kila siku. Nikiingia darasani, ninaona kama niko kwenye kiti ya mutu. Ninaogopa jina yako."

Basi, naye ana wivu. Nilitamani nimchukie, nikashindwa.

Papa aliandika vipimo kwenye daftari. Lakini jioni, mbele ya mama, alisema: "Jumatatu nitaenda kuona préfet. Nitaomba darasa langu. Yule mutoto anachelewa, watoto wanakaa bure, yeye mwenyewe anaogopa. Siwezi kuwaacha hivi." Mama aliweka kijiko chini, akaangalia meza. Préfet, mkuu wa shule yetu, anampenda papa sana na atamrudisha. Kijana yule ataondoka. Tonton amekwisha pokea kazi ya sare za shule nzima akimtegemea papa. Na mshahara utachelewa, na mama ataanza tena kutouliza.

Maneno ambayo papa anataka kuyapeleka kwa préfet ni yale niliyomchagulia mimi.

Nimejaribu kupima moyo wangu. Labda sikuwa ninamtetea papa peke yake. Zamani niliitwa mtoto wa prof, sasa ni mwanafunzi kama wengine, na hilo pia linaniuma. Lakini Ijumaa nilimwona papa akimaliza kola ya shati. Aliigeuza huku na huku, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akatabasamu peke yake. Tabasamu lile sikuwa nimeliona tangu aache shule. Ndiyo maana ninathubutu kuandika.

Nikimwambia kuhusu kamba na duara, huenda atabaki karakanani. Huenda pia ataacha kuniuliza kila jioni, na saa hiyo ndiyo yetu sisi wawili. Mama zangu, dada zangu, nijibuni leo au kesho, kabla hajavaa lile shati la kufundishia Jumatatu: nimwambie papa kwamba darasa lake linaendelea vizuri bila yeye?