Mafuta Yaliyotakata Mno

Kuchuja mafuta ya alizeti nilijifundisha mwenyewe, kwa video za kwenye simu. Nilichuja mara nne, kwa sababu kila nikiinua chupa juani niliona chembe. Nilitaka yang'ae kama yale ya nje yanayopangwa madukani. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba yasipouzika, nitaacha biashara na kurudi kulima naye.

Nikayapanga mezani, kando ya barabara ya Dodoma, hapa Manyoni. Wa kwanza kusimama alikuwa mama anayekaanga mihogo stendi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akadondosha tone kiganjani, akalisugua na kunusa.

"Haya ya nje."

"Hapana, mama. Nimekamua mwenyewe, alizeti ya shangazi yangu wa kule Kinyangiri."

"Mwanangu, mafuta ya kwetu yana tope lake chini. Haya tope lake liko wapi?"

Jirani yangu, muuza vitunguu, akadakia: "Dogo kayaogesha mpaka yamesahau kwao."

Siku nzima sikuuza hata chupa moja. Nakiri kwamba nililia, halafu nikafanya jambo ambalo bado linanisumbua. Nilichukua mashapo niliyoyachuja, nikayarudisha kwenye mafuta yale yale, nikamimina karibu yote kwenye dumu kuukuu la njano. Dumu lenyewe liliwahi kubeba mafuta ya nje. Maandishi ya kigeni bado yako ubavuni.

Kesho yake yule mama alinusa, akatikisa dumu, akaona tope likipanda.

"Haya sasa ndiyo ya nyumbani." Akachukua lita tano.

Nikamuuliza kwa nini hataki ya nje, wakati mihogo inaiva vilevile.

"Ya kwetu nayajua."

"Unayajuaje, mama?"

Akanitazama kama nimemuuliza anamjuaje mwanawe. "Si nayajua tu."

Sikumwambia kuwa ni yale aliyoyakataa jana yake. Siku ya kwanza nilimwambia ukweli, akaona uongo. Ya pili nilimletea yenye tope, akaamini. Sijui nilimdanganya siku ipi.

Dumu liliisha kabla ya adhuhuri, kwa hiyo sikurudi shambani. Chupa chache zilizobaki safi tunazipikia nyumbani. Mama anasema hazina harufu ya alizeti. Mimi naisikia kabisa, ila siamini tena pua yangu. Huenda naisikia kwa sababu tu mimi ndiye niliyekamua.