Kitoto Cheusi Kifuani mwa Dobi

Dobi alikuwa pande la mtu, mikono yake imezoea pasi nzito. Asubuhi ile aliiweka pasi chini. Paka aliyezaa nyuma ya kibanda chake alikuwa amegongwa na gari, na ndani ya boksi la sabuni vitoto vitatu, macho bado hayajafunguka, vilikuwa vinalia.

Akavitia kapuni juu ya nguo, akapita navyo kwa daktari wa mifugo, kisha akaenda nyumbani. Mkewe alikuwa kazini. Aliyekuwepo ni mama mkwe, ambaye hakupenda paka hata wa kwenye picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kapuni mna nini?"

"Nguo... na wageni."

Mama mkwe akachungulia, akaguna. "Hawa jioni hawafiki, baba."

Neno hilo lilimchoma. Alikoroga maziwa ya unga aliyopewa na daktari, akavinywesha kwa bomba la sindano, tone kwa tone, akiogopa yasivipalie. Viwili vilinyonya. Cha tatu, cheusi, kilikuwa cha baridi, shingo imelegea, na daktari alishaonya kwamba chenye baridi hakinyweshwi mpaka kipate joto. Akakitia kifuani, ndani ya shati, akaviacha vingine kapuni, akarudi kibandani roho mkononi. Nguo za watu hazingoji.

Kila akinyoosha kola, alisimama kusikiliza.

"Fundi, u mzima?" mteja akamuuliza.

"Mzima. Hebu nyamaza kidogo."

Mchana kikamkwaruza. Alifunga kibanda, akakimbia nyumbani kukinywesha. Akamkuta mama mkwe mkekani, kitoto kimoja mkononi, anakipangusa makalio kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

"Havijui kukojoa vyenyewe, lazima vipanguswe. Daktari hakukwambia?"

"Aliniambia, mama." Dobi akatazama chini. "Niliona haya kukueleza."

"Haya zako zingeviua!"

Cheusi kilinyonya. Kilichokufa, siku chache baadaye, ni kile kinene ambacho hakuna aliyekihofia. Mama mkwe alikizika mwenyewe, akasema macho yake yameingia moshi, ingawa jiko halikuwashwa.

Viwili vilivyobaki sasa vinapanda mapazia. Lakini kimoja kikilala fofofo, dobi hushindwa kula. Hukigusa ubavuni aone kama kinapumua, nacho humng'ata kidole.