Mti wa Ufagio Si Chai

Enzi zetu ufagio haukutoka dukani, uliota nyuma ya jikoni. Nyinyi mliolelewa kwenye kambi za chai kule Kericho mnaujua ule mti, hata kama siku hizi mnajifanya mmesahau. Tuliuita mti wa ufagio, basi. Fito nyembamba za kijani, majani karibu hakuna, na ukichanua ni njano tupu, nyuki wamejaa, harufu kama asali imemwagika. Vijana wakiona njano wanasema ni senetwet. Senetwet wapi! Senetwet ina majani mapana, na vijiti vyake majirani zetu Wakipsigis huvichoma kusugulia kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha. Huu wetu ua lake ni kama la njegere. Lakini nani anaangalia ua? Wanaelekeza simu, simu inasema kitu, wanaamini simu.

Mama yangu alikuja Kericho na baba kutoka kando ya ziwa, na mbegu alizipata kwenye fensi ya nyumba ya meneja. Akazifunga kwa pembe ya leso. Mbegu ile ni ngumu kama changarawe, kwa hivyo jioni alizilowesha kwa maji ya moto, asubuhi akazipanda palepale zitakapokaa, maana ukihamisha mche unakufa. Mahali pa mawe, bila samadi. "Ukiulisha sana utanenepa usichanue," alisema, halafu ananiangalia mimi na sahani yangu. Nilipenda ugali, sikatai. Na omena ya wakati ule, vile visamaki vya ziwani, ilikuwa omena, si hii ya sasa ya mchanga... lakini wacha nirudi kwa mti.

Jumamosi watoto tulikata fito, tukafunga, tukafagia uwanja mpaka ukabaki na mistari kama kichwa kilichochanwa. Mama mlangoni: "Kateni kijani! Kahawia haichipuki tena, mkiigusa nitawafagia nyinyi!" Maganda ya mbegu yakishakuwa meusi, jua la saa sita liliyapasua, ta! ta!, nasi tumelala chini tukibishana ni lipi litafuata. Hiyo ndiyo ilikuwa video yetu.

Baba alipostaafu tulihamia kashamba kadogo upande wa Longisa, na mama akaja na mbegu zake. Mti aliopanda hapo ndio kitu pekee cha mkono wake kilichobaki. Nyumba yake ilianguka, sufuria dada zangu waligawana.

Sasa kijana wangu Ochieng kazi yake ni kupruni chai, kuikata bapa ichipuke upya. Mkono wake ni mzuri, sikatai. Lakini mtu wa chai akiona mti wowote anataka kuufanya meza. Juzi kiangazi nilienda Bomet sokoni, narudi, mti wa mama umekatwa chini ya goti, bapa kabisa, unaweza kuweka kikombe juu.

"Ochieng, umefanya nini?"

"Mzee, relax. Ulikuwa umezeeka. Mvua ikikuja utatoa fresh."

"Hii si chai!"

"Kwani kila mti si huchipuka, mzee?"

Niliacha kuongea naye. Hata hakugundua, alikuwa na earphone masikioni. Siku kadhaa zikapita, mpaka mchana mmoja nikasikia kando ya choo, kwenye rundo la matawi yaliyokatwa: ta! ta! Mzee mzima nilipiga magoti na beseni.

"Mzee, unatafuta nini huko?"

"Namtafuta nyanya yako."

Nikalowesha mbegu, nikapanda. Mvua ikaja. Chai ya jirani ikachipuka, lile gutu likageuka kijivu, kavu mpaka ndani. Lakini kwenye mawe kukatokea mche mmoja, kama kidole.

Ochieng akauinamia, akaupenda kweli. "Mzee, huu nitaupruni lini?"

Nimeuzungushia miiba. Zamani mama alizungushia miche yake miiba kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi ninao, lakini hao hata siwafungi.