Silabi Moja Kwenye Shairi la Mwalimu

Zamani hizo, kabla kompyuta hazijaingia maofisini, ukitaka kujua kama shule ile imeamka ulitega sikio tu: ta-ta-ta-ta, kling! Ndiye yeye, Dada Taipu, mpiga chapa wa shule, keshaketi kazini.

Aliajiriwa akiwa na miaka kumi na tisa. Masomo yake yalikuwa yamekatika kidato cha pili, baba yake alipofariki. Akajifunza kupiga chapa kwa miezi sita, na siku alipokabidhiwa ufunguo wa kile kijiofisi kilichobanwa kati ya stoo na maktaba, alijiona kama amepewa nyumba. Humo mlikuwa na meza moja, dirisha lisilofungika vizuri, mashine ya kurudufu iliyomwachia wino mpaka viwikoni, na kichupa cha dawa nyekundu ya kufutia makosa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia. Dawa ile ilinuka kama rangi ya kucha. Hadi leo, akiwa ameshapita umri wa miaka sitini, akikatiza mahali wanapopaka kucha hupunguza mwendo.

Aliyempa kazi nyingi kuliko wote alikuwa mwalimu wa Kiswahili, ambaye shule nzima ilimwita Mwalimu Mizani. Alihesabu silabi vidoleni hata akiwa gwarideni. Asubuhi moja mkuu wa shule alifoka, “Wachelewaji wote leo hii watafyeka nyasi!” Mwalimu Mizani akasikika nyuma, “Kumi na saba. Imezidi mizani moja.” Walimu waliinamisha vichwa, mabega yakicheza kwa kicheko.

Tatizo lake lilikuwa mwandiko. Ungedhani kuku ametoka kwenye matope akapita juu ya karatasi. Dada Taipu hakuwa na budi kuuliza, maana kosa kwenye stensili si kitu cha kufuta kwa mate.

“Samahani, Mwalimu. Hapa ni ‘utani’ au ‘utao’?”

“Utao. Mshororo ukiugawa katikati, kipande cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao.”

“Kumbe mshororo ni mstari?”

“Ni mstari, lakini usiuite hivyo mbele yangu.”

Basi akawa anajifunza kwa vidole. Alichapa kwamba mishororo ikikusanyika inakuwa ubeti, na beti zenye mishororo minne minne ni tarbia. Alichapa kwamba vina ni zile silabi zinazofanana katikati na mwishoni, kwamba kibwagizo ndicho hurudiwa kila ubeti, kwamba tashbihi husema fulani ni kama simba, na sitiari humwita simba moja kwa moja. Mwanzoni yalikuwa maneno ya kuchapa tu. Kisha jioni moja mama yake, akipepeta mchele, akasema, “Usimwambie siri mjomba wako. Yule ni kitasa kibovu, hata ukifunga hakifungi.”

“Mama! Hiyo ni sitiari!”

“Sitiari ndiyo nani tena? Mimi namsema mjomba wako.”

Alicheka peke yake hadi alipolala. Kumbe miaka yote hiyo nyumba yao ilikuwa imejaa vitu vya darasani, ila hakuna aliyewaambia majina yake.

Mwaka wa sita kazini, wakati wa mtihani wa majaribio, Mwalimu Mizani alimletea shairi alilotunga mwenyewe. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kila mtu alijua hajawahi kukizungumzia kifo hicho. Aliliweka mezani, akasema, “Wachambue hili,” akaenda zake nyumbani. Mtihani ulikuwa kesho yake saa mbili.

Dada Taipu akaanza:

*Nyumba yetu ya zamani, leo imebaki kuta,*

Nane na nane. Mshororo wa pili, sawa. Wa tatu vidole vyake vikakwama hewani:

*Taa ya dirishani, imeishiwa mafuta,*

Akahesabu ukwapi. Saba. Akarudia, akigonga meza. Saba. Mwalimu Mizani, saba! Na swali la nne la mtihani lilisema: “Bainisha idadi ya mizani katika kila kipande.” Wanafunzi wangechanganyikiwa. Lakini yeye ni nani, aliyeishia kidato cha pili, wa kumsahihisha mwalimu, tena kwenye shairi la namna hiyo? Alikaa mikono mapajani mpaka kengele ya mwisho ilipolia. Kisha akachapa: *Na taa ya dirishani.*

Kesho yake, saa nne, mlango ulifunguliwa bila hodi.

“Nani kagusa shairi langu?”

“Ni mimi, Mwalimu. Nisamehe. Zilikuwa saba.”

Mwalimu akainua mkono, akahesabu kimyakimya. Akahesabu tena. Akavuta kigoda cha kupandia rafu, akakikalia.

“Nimelisoma shairi hili labda mara mia,” alisema. “Kila nikifika pale, sauti inaivuta ile taa. Taaa ya dirishani. Nikawa nasikia nane.” Akatazama dirisha lisilofungika. “Marehemu alikuwa akiniwashia nikichelewa. Nilikuwa sitaki izimike upesi.”

Dada Taipu akamsogezea kikombe chake cha chai, na mwalimu akanywa chote.

Tangu siku hiyo karatasi zake zilikuja na neno moja pembeni: “Hakiki.” Halafu akamwombea ruhusa kwa mkuu, na kila Jumatano kipindi cha nne mpiga chapa akawa anakaa dawati la nyuma, miongoni mwa wanafunzi aliowazidi miaka kumi. Walimtania, “Shikamoo, mwanafunzi mwenzetu!” naye aliitikia, “Marahaba,” huku akiwaonyesha vina walivyokosea. Akiwa na miaka thelathini na moja alifanya mtihani wa taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hesabu zilimwangusha vibaya. Kiswahili alipata alama ya juu kabisa.

Mwalimu alipostaafu, aliyesimama kumuaga kwa shairi hakuwa mwalimu mwenzake. Alikuwa Dada Taipu, karatasi mkononi:

*Shukurani ya moyoni, leo naja kuitua,*
*Mwandiko wenye tufani, nani angeutambua?*

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu Mizani alikuwa akihesabu vidoleni, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Alifariki miaka minne baadaye. Kompyuta zikaja, mashine ya kurudufu ikauzwa kama vyuma chakavu, na Dada Taipu, aliyekuwa sasa Mama Taipu, akafundishwa kibodi isiyo na mlio. Hakuwahi kuwa mwalimu. Alistaafu akiwa mpiga chapa, na ukimuuliza kama anajuta, atakwambia anachokosa ni Jumatano tu.

Juzi alikwenda kliniki kupimwa presha. Muuguzi, mwanamke wa makamo, alisoma kadi yake, akamtazama usoni, akamtazama tena.

“Dada Taipu? Si wewe uliyekaa nyuma yangu darasani? Ulinikatalia ‘mkono’ kuwa mizani mbili!”

“Ni tatu,” alijibu Mama Taipu. “M, ko, no.”

“Mbili, mama. Hiyo ‘m’ imemezwa!”

Wakabishana hivyo, mkono wa mmoja ukiwa mikononi mwa mwingine, hata watu kwenye benchi la nje wakaanza kuuliza foleni imekwamia wapi.